Mistari ya Gena Rowlands iliandikwa

Kila ninapoonyesha darasani tukio la tambi kutoka A Woman Under the Influence, filamu ya 1974, hakosi mwanafunzi wa kuniambia, “Mwalimu, huyu mama anajitungia papo hapo.” Naelewa kwa nini anasema hivyo. Mabel, anayechezwa na mwigizaji Mmarekani Gena Rowlands, ni mama wa nyumbani ambaye akili yake imeanza kuyumba, naye amewapikia tambi mafundi wenzake mumewe waliokesha wakihangaika na bomba la maji lililopasuka. Anawauliza majina mmoja mmoja. Mmoja wao anaimba opera, naye anamsogelea na kumkodolea macho kama mtoto aliyeona mwujiza. Kisha anamng'ang'ania mwingine acheze naye, mume anamfokea, na meza nzima inanyamaza. Ukitazama husikii popote pale harufu ya karatasi yenye maneno yaliyoandikwa.

Karatasi ilikuwepo. Mumewe Rowlands na mwongozaji wake, John Cassavetes, alikuwa ameandika maneno hayo, na yeye na Rowlands walilirudia jambo hilo kwa miaka mingi bila watu kuwasikia. Chanzo cha dhana hii nakijua: filamu ya kwanza ya Cassavetes, Shadows ya 1959, inamalizika kwa maandishi yanayomwambia mtazamaji kwamba alichokiona kimebuniwa papo kwa papo. Sifa hiyo ikamganda hadi leo, ikamganda na mkewe. Mimi nafundisha uigizaji, na jambo hili linaniuma, kwa sababu anayeamini kwamba Rowlands alikuwa anajitungia tu hataona kazi yake ilikuwa nini.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1930 huko Madison, Wisconsin, baba yake akiwa mtu wa benki na mwanasiasa wa jimbo. Aliacha chuo kikuu akaenda New York kusoma katika American Academy of Dramatic Arts. Huko ndiko alikokutana na Cassavetes, wakaoana 1954. Miaka miwili baadaye alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, katika Middle of the Night ya Paddy Chayefsky, akicheza na Edward G. Robinson, nyota aliyekuwa mkongwe tayari. Tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 477.

Hapo kwenye namba hiyo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Ratiba ya kawaida ya Broadway ni maonyesho nane kwa wiki. Maneno ni yale yale, mlango ni ule ule, na mwenzako anakujibu sentensi ile ile uliyoisikia jana. Mwigizaji asiyejua kusikiliza anaoza ndani ya mwezi mmoja. Anayejua, anaupokea mstari wa mwenzake kwa sikio la leo: leo kautamka kwa uchovu kidogo, basi na jibu langu litabadilika, ingawa maneno hayabadiliki. Huo ndio ufundi wa jukwaani. Rowlands alikuja nao kwenye filamu, na tukautazama tukadhani ni kubuni.

Swali linalofuata ni kwa nini ufundi huo haukuonekana vile kwenye filamu zake za studio. Jibu langu ni muda, na muda hununuliwa. Kwenye seti ya kawaida taa hupangwa kwa ajili ya pembe moja, alama hubandikwa sakafuni, na mwigizaji akivuka alama yake sura inaingia gizani. Cassavetes aliangaza chumba kizima, hakubandika alama, akamwachia mpiga picha kazi ya kuwafuata waigizaji popote watakapokwenda. Njia hiyo ni ghali kwa mikanda ya kupigia picha na kwa siku za kazi. Faces, filamu yao nyingine, ilipigwa kwa takribani miezi sita mwaka 1965, ndani ya nyumba yao na ya mama yake Rowlands, naye Rowlands akiwa mjamzito, kisha ikakaa kwenye uhariri hadi 1968. Fedha zilitoka kwa Cassavetes mwenyewe, aliyekwenda kuigiza katika filamu za wengine na kurudi na mshahara.

A Woman Under the Influence ilianza kama tamthilia. Rowlands alikuwa amemwomba mumewe amwandikie kitu kuhusu shida za wanawake wa wakati ule. Alipoisoma alikataa kuicheza jukwaani: kuubeba mzigo ule mara nane kwa wiki kungemmaliza. Nalipenda sana jibu hili, kwa kuwa limetoka kwa mtu anayeujua uzito wa kila mstari kabla hajautamka. Ikawa filamu. Nyumba yao iliwekwa rehani, na Peter Falk, aliyecheza mume, akatia fedha zake alizopata kwenye televisheni, dola 500,000. Mama yake Rowlands alicheza mama yake Mabel. Mama yake Cassavetes akacheza mama mkwe. Matukio yalipigwa kwa sehemu kubwa yakifuata mpangilio wa hadithi, neema ambayo mwigizaji wa filamu huipata kwa nadra: siku ya kupelekwa hospitali inakukuta ukiwa umeshaziishi siku zote za kabla yake.

Wasambazaji waliikataa. Wakaisambaza wenyewe, wakipiga simu ukumbi kwa ukumbi. Rowlands akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na Cassavetes ya uongozaji.

Filamu ninayowaagiza wanafunzi waitazame peke yao, usiku, ni Opening Night ya 1977. Humo anamcheza Myrtle Gordon, nyota wa jukwaa anayeandaliwa kucheza mwanamke mwenye umri mkubwa, na kila jioni anagoma kuyakubali maneno aliyoandikiwa. Usiku wa ufunguzi anafika ukumbini amelewa kiasi kwamba hawezi kusimama, na bado anaingia jukwaani. Rowlands, aliyewahi kusimama Broadway akiwa na miaka 25, anamwigiza mwigizaji anayeitupa skripti, naye mwenyewe anaifuata skripti ya Cassavetes. Tamasha la filamu la Berlin lilimpa tuzo ya Dubu wa Fedha mwaka 1978, na kwao Marekani karibu hakuna aliyeiona.

Gloria ya 1980 ilimletea uteuzi wa pili wa Oscar. Ni filamu ya studio, na ninaipenda kwa namna anavyotembea na bastola akiwa na viatu virefu. Love Streams, ya Cassavetes pia, ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu Berlin 1984. Cassavetes alifariki Februari 1989. Katikati ya hayo yote Rowlands alifanya kazi kubwa ya televisheni: mwaka 1979 alicheza binti wa Bette Davis, mwigizaji aliyemhusudu tangu utotoni, na 1987 akashinda Emmy, tuzo ya televisheni, kwa kumwigiza Betty Ford, mke wa rais. Vijana wengi wanamfahamu kwa The Notebook ya 2004, iliyoongozwa na mwanawe Nick, ambamo ni bibi aliyepoteza kumbukumbu. Oscar ya heshima ilifika 2015. Mwaka 2024 Nick alieleza kwamba mama yake naye anaugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kama alivyougua bibi yake. Tarehe 14 Agosti mwaka huo alifariki akiwa na miaka 94.

Nirudi darasani. Yule aliyesema anajitungia, huwa namwomba atazame filamu yote tena bila sauti, akihesabu ishara. Atakiona kidole gumba kikirushwa juu ya bega, na midomo ikipulizwa kwa kejeli kama mtoto anayemfukuza mtu. Mwanzoni vinaonekana kama vituko vya dakika ile. Lakini vinajirudia, kwa mpango, mbele ya watu tofauti. Mwishoni Mabel anarudi kutoka hospitali baada ya miezi sita, nyumba imejaa jamaa, na mwili wake umetulia: harushi tena kidole gumba wala hapulizi midomo. Mume anamvuta pembeni karibu na ngazi, anamsihi awe kama alivyokuwa. Mabel hawezi. Basi mume anazikunja sura na midomo, anautoa yeye ule mlio, akimwonyesha mkewe jinsi alivyokuwa akiufanya.