Simu ni yako, seva si yako: kabla hujapima usalama wa programu

Siku hizi haipiti wiki bila kitengo chetu kupokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Nairobi aliyegundua tundu katika programu ya simu ya benki, sacco au mkopeshaji. Wengi wana nia njema, nasi tunawashukuru. Kinachotutia wasiwasi ni njia waliyopitia.

Mmoja alituletea kompyuta yake tujionee. Alikuwa ameunganisha simu kwa waya, akaandika adb logcat (adb ni zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, na logcat huonyesha kumbukumbu ambazo programu huziandika zikifanya kazi), kisha akaingia katika programu ya sacco yake. Mistari ikamiminika, na katikati yake, bila kufichwa, tarakimu nne za PIN yake. Msanidi aliagiza programu iandike kila kitu wakati wa majaribio, akasahau kuiondoa amri hiyo kabla ya kuwapa wanachama. Ni uzembe mkubwa, na kijana alifanya vyema kuuona: simu yake, akaunti yake, PIN yake.

Hakukomea hapo. Alibadilisha nambari ya mwanachama katika ombi linalokwenda kwa seva, akasoma salio la mtu mwingine. Alitaka kuthibitisha tu, alisema.

Tumechoka kuambiwa kwamba mwenye simu ana ruhusa. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 14, kuingia katika mfumo bila idhini ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kunasa data ya watu ikiwa njiani, kifungu cha 17, ni hadi milioni 10 au miaka 5, au vyote viwili.

Omba idhini ya maandishi kwanza. Itaje toleo la programu, akaunti za majaribio, seva zinazohusika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na isainiwe na mwenye mamlaka. Jibu la dawati la wateja kwenye WhatsApp si idhini. Ukikutana na data ya mtu kwa bahati, simama hapo hapo, usiihifadhi, mjulishe mwenye mfumo. Asipojibu, ripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Mwenye mfumo naye, data ikivuja na kuwaweka watu hatarini, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Na adb yenyewe si virusi wala haramu. Google huitoa bure kwa wasanidi. Hatari ni kuiacha simu wazi. Tangu Android 4.2.2, simu huuliza kabla ya kuiamini kompyuta mpya, na watu huchagua "ruhusu daima", hata kwenye kompyuta ya cyber. Ukimaliza kazi, rudi kwenye mipangilio ya wasanidi, futa ruhusa zote ulizotoa, kisha uzime utatuzi wa USB (swichi inayoiruhusu adb kuifikia simu) kabla hujachomoa waya.