"Wapelekeni Hague" haitoshi kumaliza Migingo

Kila askari wa Uganda wakikamata wavuvi wetu karibu na Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho Kenya na Uganda zinakigombania, huku Dunga, Kisumu, hukosi kusikia: "Serikali iwapeleke Hague, yaishe." Wengi wanakumbuka kesi za vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Ile ilikuwa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na ICC hushtaki watu, haipimi mipaka. Ugomvi wa nchi na nchi huenda ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyo mji huohuo.

Hata hivyo ICJ si chifu wa kuita majirani barazani watake wasitake. Husikiliza kesi pale tu nchi zote mbili zimekubali mamlaka yake: kwa mkataba, kwa makubaliano ya kesi yenyewe, au kwa tamko la jumla la kuikubali korti. Uganda ilitoa tamko 1963, Kenya 1965. Basi mlango uko wazi? La. Tamko la Kenya liliacha nje migogoro na nchi za Jumuiya ya Madola, na Uganda ni mwanachama. Sharti hilo hukata kotekote. Uganda nayo ingeweza kujikinga nalo.

Somalia haimo kwenye Jumuiya hiyo, ikatushtaki 2014 kuhusu mpaka wa baharini. Kenya ilipinga mamlaka ya korti, ikashindwa 2017. Septemba 2021, wiki chache kabla ya hukumu, ikatangaza kuliondoa tamko lake. Ilikuwa imechelewa, kwani kujitoa hakufuti kesi iliyokwisha kufunguliwa.

Kwa Migingo, njia iliyo wazi ni Nairobi na Kampala kutia saini pamoja makubaliano ya kupeleka kesi hiyo ICJ, kama Burkina Faso na Niger walivyofanya kuhusu mpaka wao.