Udhuru na kisingizio si kitu kimoja

Jumapili, kwenye kikao cha harusi hapa Mtwara, mjumbe mmoja alituma ujumbe kwamba mwanawe amelazwa kwa malaria, hatafika. Mwenyekiti akausoma kwa sauti, akailaza simu mezani: "Haya, visingizio vimeanza." Watu wakacheka. Si mara ya kwanza kulisikia hilo, nami nilikuwa na chai mdomoni.

Udhuru ni jambo la kweli linalomzuia mtu kutimiza wajibu wake. Kisingizio ni sababu ya uongo. Hapo wengi wanakubali, kisha wanatoka nje na kuyachanganya.

Udhuru ni neno la Kiarabu, na limekuja na sheria zake. Ramadhani ikiingia, mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga, ila siku zile watazilipa baadaye. Mwenye udhuru hajakana deni. Anasema tu, si leo.

Kisingizio kinatokana na kusingizia, na kusingizia ni kumbebesha kosa asiyelitenda. Aliyeiba kuku akisema ni mwewe, mwewe kasingiziwa. Kwa hiyo penye kisingizio pana anayeonewa, umtafute tu. Mkulima hakupulizia salfa kwa wakati, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukala maua ya mikorosho, naye anailaumu mvua: mvua imesingiziwa. Kijana wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji, kaamka saa tatu, akifika mjini anataja kivuko. Kivuko cha watu kilivuka tangu asubuhi, na hakina mdomo wa kujitetea. Hata anayejisingizia ugonjwa, hiyo -ji- inamuumbua: kauzulia mwili wake mwenyewe.

Halafu udhuru unaweza kukataliwa ukabaki udhuru. Mwenyekiti angesema, "Pole sana, lakini mchango tunautaka Ijumaa," nisingekuwa na neno. Kakataa ombi, hajamwita mtu mwongo. Ila akisema kisingizio, lazima tuulize nani kasingiziwa. Mtoto yuko wodini, dripu mkononi, jirani yangu kamwona kwa macho yake. Malaria haijazuliwa jambo. Nikizunguka kote namkuta mmoja tu aliyebebeshwa kosa lisilo lake, naye ni yule mjumbe.

Mwenyekiti wangu, kwenye muhtasari weka "ametoa udhuru". Katibu kaandika kwa penseli, linafutika.