Je, lazima ukariri mfululizo mrefu wa hatua za mwanzo ili ushinde sataranji?

Wachezaji wengi wapya wa sataranji hapa Lubumbashi huamini kwamba bila kukariri hatua 15 za mwanzo huwezi kushinda. Imani hiyo ina chanzo: mabingwa hukariri kweli, na mara nyingi zaidi ya hapo. Ila mpinzani wako wa Katuba au Kamalondo huenda akaiacha njia uliyokariri mapema sana.

Chukua mwanzo wa Kiitaliano, kwa herufi za Kifaransa tulizozizoea (C ni farasi, F ni fou, kipande kinachokwenda mshazari; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya kitunda, kipande kidogo cha mbele): 1.e4 e5 2.Cf3 Cc6 3.Fc4. Mweusi akicheza 3...Cd4, Mweupe aliyekariri tu hula kitunda cha e5 kwa farasi wake. Hapo malkia wa Mweusi hutua g5, akitishia farasi huyo na kitunda cha g2 kwa pamoja. Anayejua sababu za hatua zake hubadilishana farasi kwenye d4, kisha humficha mfalme kwa roki (mfalme na ngome kuhama pamoja kwa hatua moja). Hana shida yoyote.

Jipime mwenyewe: andika hatua za michezo yako 10, uweke alama pale ulipopoteza kipande cha kwanza bure. Kilipotea kwa kusahau hatua, au kwa kutoangalia mpinzani anatishia nini? Jibu hilo ndilo likuambie ujifunze nini kwanza.