Antene ya kijijini inapozima: tunayoyaamini Lubumbashi na yaliyo kweli

Mama mkwe wangu anaishi kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga. Kuna wiki zinazopita bila sisi kusikia sauti yake, kwa sababu antene ya simu imezima. Kila inapotokea hivyo, hapa mjini nasikia maelezo yaleyale, na mengi si ya kweli.

"Kijijini hakuna pesa, ndiyo maana makampuni hayaendi."

Hii ndiyo dhana iliyotuharibia zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Ni kweli mtu wa kijijini ananunua mayunite (salio la simu) kidogo. Anabipa, yaani anapiga na kukata, kisha anangoja. Anayepiga ni mwanawe aliye Katuba, hapa Lubumbashi, au mwenye kuuza samaki kwenye soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, anayetaka kujua bei kabla ya kutuma lori. Antene ya kijijini basi inapokea simu nyingi kuliko zinazotoka, na pesa ya simu hizo inalipwa mjini.

Kama wanaoongea wako kwenye makampuni mawili, kampuni ya mpigaji inailipa kampuni ya mpokeaji ada kwa kila dakika. Ada hiyo ndiyo uhai wa mtandao wa kijijini. Ikipangwa kwa kutazama gharama za antene ya mjini, yenye umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, na wateja maelfu, antene ya porini inayokula mazuti (dizeli) itafanya kazi kwa hasara hata siku inapojaa simu. Na kama wote wawili wako kwenye kampuni moja, mambo hayawi mepesi: ikiwa daftari linaandika mapato pale alipo mpigaji tu, antene ya Kasenga itaonekana mzigo, kumbe ndiyo iliyomfanya yule wa Katuba anunue mayunite.

Chile waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1994 waliunda mfuko wa simu za vijijini, wakayashindanisha makampuni: anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye anayepewa kazi. Kufikia mwaka 2000 simu za umma zilikuwa zimefika kwenye vijiji na vitongoji zaidi ya 6,000. Baadaye makampuni ya vijijini yaliruhusiwa kudai ada ya kupokea simu iliyo juu kuliko ya mijini, na ada hiyo ikawa sehemu kubwa ya mapato yao. Pesa ilifuata gharama. Hilo ndilo ninalotaka ARPTC, mdhibiti wetu wa mawasiliano tangu 2002, ilipime kwa ajili ya maeneo ya mbali kama Mitwaba na Pweto.

"Leta (serikali) ijenge antene, basi."

Antene inajengwa mara moja. Mazuti yanahitajika kila wakati, na anayeijua njia ya Mitwaba wakati wa mvua anajua yanafika kwa bei gani. Mitambo ya jua inapunguza mzigo, lakini betri zinachoka, na zinaibiwa pia, kwa hiyo lazima alipwe mlinzi na fundi. Ruzuku inayotolewa yote siku ya kukata utepe inaacha chuma kimesimama bila sauti. Afadhali itolewe kidogo kidogo, kila baada ya kuthibitishwa kwamba rezo, yaani mtandao, bado inashika.

"Mfuko wa huduma kwa wote ni RAM nyingine."

Naielewa hasira hii. RAM, ile tozo ya kusajili simu, ilianza 2020, ikatukata mayunite, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, na ikaondolewa 2022. Lakini mfuko uliowekwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ni kitu kingine: unakusudiwa kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haifiki, na wachangiaji ni makampuni yenyewe. Ndiyo, kampuni inaweza kujaribu kutusukumia mzigo huo kwenye bei. Kwa sababu hiyo tudai orodha iliyo wazi: kijiji gani, pesa ngapi, na antene inafanya kazi au la.

"Bei ishushwe sawa kila mahali."

Bei ndogo ya rezo iliyozima haimsaidii mtu. Mdhibiti aweke kikomo cha bei pale kampuni ilipo peke yake, isije ikawanyonya watu, lakini kikomo hicho kiache nafasi ya kulipia mazuti.

"Starlink imekuja, antene hazina kazi tena."

Intaneti hii ya satelaiti ilipata leseni hapa mwaka 2025, na mahali pengi itafaa. Hata satelaiti inaweza kuibebea antene ya kijiji simu zake hadi mjini, mahali ambapo faiba haifiki. Lakini dishi linataka dola na umeme. Simu ya mama mkwe wangu ni ya vitufe, anaichajia kwa jirani mwenye paneli, na bila antene karibu naye haiongei na mtu yeyote.