Koini ya bei chee: kwa mwenye elfu hamsini anayetaka kuingia kripto

Nimeulizwa tena wiki hii. "Kaka, nina elfu hamsini. Bitcoin siiwezi, ile ni ya matajiri. Nipe koini moja ya bei chee nijilipue." Anayeuliza hubadilika, imani ni ile ile: Bitcoin ni ghali kwa kuwa moja inauzwa makumi ya maelfu ya dola, na Shiba Inu ni rahisi kwa kuwa moja haifiki hata senti. Mimi kazi yangu ni P2P, yaani biashara ya mtu kwa mtu: nanunua na kuuza USDT, koini inayokaa karibu na dola moja, kwa hiyo hizi hela ndogo naziona zikiingia na naziona zikirudi zimekonda. Nyingi huharibiwa na imani hii, soko lenyewe likiwa halijafanya lolote.

La Bitcoin nilimalize haraka. Bitcoin moja inagawanyika vipande milioni 100 viitwavyo satoshi. Shilingi elfu hamsini za Tanzania ni kama dola 20, na Bitcoin ikiwa dola 100,000 unapata satoshi 20,000. Hakuna anayekulazimisha kununua nzima.

Kinachonikera ni hiyo koini ya bei chee. Mtu akikuambia anauza kiwanja Bagamoyo kwa laki tano, hata kama hujawahi kununua ardhi maishani, utauliza kina ukubwa gani. Kwenye kripto watu hao hao wanatazama bei ya koini moja na hawaulizi ziko ngapi. Shiba Inu ilianza Agosti 2020 ikiwa na koini kwadrilioni moja, yaani trilioni elfu. Nusu yake alirushiwa Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa Ethereum, bila yeye kuomba. Mei 2021 akateketeza zaidi ya trilioni 400, na nyingine akazitoa msaada wa Covid India. Zikabaki karibu trilioni 589. Sasa anakuja kijana na dola zake 20, ananunua Shiba milioni mbili kwa dola 0.00001, anafurahi kwamba ana milioni mbili za kitu, na anapiga hesabu: ikifika dola moja, nina dola milioni mbili. Kwa bei hiyo Shiba zote kwa pamoja zingekuwa na thamani ya dola trilioni 589. Uchumi wa dunia nzima, mataifa yote kwa mwaka mzima, ni dola trilioni mia moja na kitu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha mara moja, na simu aliyonunulia ina kikokotoo.

Kwa hiyo tazama thamani ya soko: bei mara idadi iliyo sokoni. Hiyo ndiyo inayokuambia koini ni kubwa au ndogo, na safari iliyobaki ni ya namna gani. Kisha tazama kama idadi hiyo inaongezeka. Bitcoin ina ukomo wa milioni 21. Dogecoin haina ukomo. Kila mwaka zinaingia mpya bilioni 5. Wapo wanaosubiri irudi kwenye senti sabini na kitu za Mei 2021, wakidhani inatakiwa kurudi tu pale ilipokuwa. Hapana. Koini sasa ni nyingi zaidi, kwa hiyo kufikia bei ile ile kunahitaji pesa nyingi kuliko zilizokuwemo mwaka ule. Chati haikuonyeshi hilo.

Mfano mchungu kuliko yote ni koini ya LUNA. Mwanzoni mwa Mei 2022 ilikuwa zaidi ya dola 80. Mfumo wake ulikuwa hivi: ilikuwa na koini pacha, UST, iliyotakiwa kubaki dola moja, na UST moja ungeweza kuibadilisha wakati wowote kwa LUNA zenye thamani ya dola moja. UST ilipoanza kuyumba, watu wakakimbilia kubadilisha, na kila aliyebadilisha alisababisha LUNA mpya zitengenezwe. Kadiri bei ilivyoshuka ndivyo ilivyobidi zitengenezwe nyingi zaidi kufidia dola ile ile. Ndani ya siku chache idadi ikatoka kama milioni 350 ikapita trilioni 6, na bei ikawa sehemu ndogo ya senti. Na katika siku hizo hizo watu walinunua! Walisema imeshuka kutoka dola 80 hadi dola moja, itashuka wapi tena? Iliposhuka hadi senti moja wakaingia wengine. Aliyeinunua kwa dola moja akaiuza kwa senti moja alipoteza asilimia 99, sawa na yule aliyenunua kwa dola 80 akauza kwa senti 80. Kuwa chini hakuzuii kitu kuendelea kushuka.

Najua kwa nini mwenye hela ndogo hukimbilia huko. Elfu hamsini ikipanda asilimia 20 kwa Bitcoin, faida ni elfu kumi. Anaona si chochote, anataka mara mia. Udogo wa hela yake, ambao ndio uliotakiwa kumlinda, unamsukuma kwenye takataka. Watu husema dau dogo lina hatari ndogo. Kiasi kinachoweza kupotea ni kidogo, sawa, lakini uwezekano wa kukipoteza chote unakuwa mkubwa, kwa sababu dau dogo linakufanya uchague vibaya.

Kuna makato pia. Bei ya kununua USDT kwa P2P iko juu ya bei ya kuiuza, na tofauti hiyo ndiyo riziki yangu. Ongeza makato ya simu. Kuhamisha USDT kwa mtandao wa Tron mara nyingi ni dola moja au zaidi, na kwa mwenye dola 20 hiyo ni asilimia 5 imeondoka akiwa bado yupo mlangoni. Kwenye Ethereum mwaka 2021 kulikuwa na siku ambazo gesi, yaani ada ya mtandao, ya muamala mmoja ilipita dola 50. Sheria ya Fedha ya 2024 hapa Tanzania nayo imeleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

Hapa kuna jambo ambalo sina jibu linaloniridhisha. Ushauri wa kawaida ni usiache koini sokoni, yaani kwenye kampuni uliyonunulia, hamishia waleti yako mwenyewe. Waliofungiwa pesa zao soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022 wanajua sababu. Lakini kwa dola 20 kuhamisha kunakula sehemu ya maana, na anayeanza hupoteza yale maneno 12 ya siri ya kurudishia waleti kwa urahisi sana. Mimi huwaambia waache sokoni, na kila ninaposema hivyo moyo hautulii.

Shaka yangu kubwa zaidi ni kuhusu Bitcoin yenyewe. Haina gawio, haina mapato, kwa hiyo sijui namna ya kukokotoa kwamba bei fulani ni ya haki. Iligusa dola 69,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ikawa kama 16,000, na Desemba 2024 ikapita 100,000. Anayekuambia alijua yote hayo mapema, usimpe hela.

Basi uiweke hiyo elfu hamsini? Kama ni ya kodi ya nyumba au zamu yako ya kikoba, hapana. Kama ni yako kweli, nunua Bitcoin, usiongeze kwa mwaka mzima, na jifunze kuuza, si kununua tu. Ukiuza kwa P2P usiachie eskro (koini zako ambazo soko linazishikilia hadi ulipwe) kwa kuona meseji ya malipo tu; fungua akaunti uone salio, na jina la aliyetuma lifanane na la kwenye oda. Sharti la kutoongeza nalisisitiza kwa sababu niliowaona wakiumia hawakuumizwa na elfu hamsini ya kwanza. Waliumizwa ilipogeuka laki moja na nusu, wakaenda kukopa milioni.