Papa anacheza au anapiga? Kusoma shairi la mtoto kuhusu nyumbani kwao

Mwaka 1942 mshairi wa Marekani, Theodore Roethke, alichapisha shairi fupi la mistari 16. Mtoto anakumbuka usiku ambao baba yake, akinuka wiski, alimshika wakacheza dansi jikoni. Vyombo vinateleza kutoka juu ya rafu. Mama amekunja uso, na uso huo haukunjuki. Mkono wa baba una kifundo cha kidole kilichoumia. Mwishoni mtoto anapelekwa kulala, bado ameng'ang'ania shati la baba.

Nililisimulia shairi hilo kwa Kiswahili katika mafunzo ya walimu hapa Kongo, mjini Lubumbashi, komini (wilaya ya mji) ya Katuba. Mimi ni mwanasaikolojia. Kazi ya kitengo chetu ni kusikiliza watoto, na walimu ndio wanaotutangulia kuwasikia. Kabla sijamaliza, chumba kilikuwa kimegawanyika. Mwalimu mmoja mtu mzima alisema, "Mama, huyo ni papa anayependa mtoto wake. Wangapi kati yetu wanacheza na watoto wakitoka kazini?" Dada aliyekaa nyuma akamjibu bila kuinua kichwa: "Na sikio, papa? Sikio la mtoto liko kwenye mkanda."

Sikio lenyewe ni hili. Mtoto ni mfupi, kichwa chake kinafika kiunoni mwa baba. Kila baba anapokosea hatua, sikio la kuume la mtoto linakwaruza chuma cha mkanda. Angalia nani anatenda hapo. Mshairi hakusema chuma kilikwaruza sikio, wala hakusema baba aliniumiza. Sikio ndilo limefanywa mtendaji, kana kwamba lilijipeleka lenyewe.

Sisi wa Kiswahili tunaijua sana njia hiyo, kwa sababu lugha yetu imetuwekea mlango wake. "Aliivunja sahani" ina mtu ndani yake. "Sahani ilivunjika" haina mtu. Mtoto anayeishi na hofu hujifunza mapema kusema kwa namna ya pili: mlango ulifungika, chakula kilimwagika, mama aliumia, kukawa na kelele. Hasemi uongo. Anasema yote aliyoyaona isipokuwa jina moja. Ninaposoma daftari la mtoto, vitenzi vya namna hiyo ndivyo ninavyoviwekea mstari kwanza, kabla ya maneno makubwa kama "machozi" au "giza", ambayo mara nyingi mtoto ameyachukua tu kwenye mashairi aliyofundishwa.

Kuna na neno "kupiga". Katika shairi la Roethke baba anapiga mapigo ya muziki kichwani mwa mtoto, na neno la Kiingereza alilolichagua linabeba maana zote mbili, ya muziki na ya kipigo. Nilipofika hapo sikuhitaji kueleza. Tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mtoto. Neno lenyewe halikuambii ni lipi kati ya hayo, mpaka uone lilivyozungukwa.

Basi ni nani aliyesoma vizuri, papa wa mbele au dada wa nyuma? Wote wawili, na hapa ndipo ninapoomba walimu wasiwe na haraka. Roethke alizaliwa mwaka 1908 huko Saginaw, jimbo la Michigan. Familia yake ilikuwa na nyumba za vioo za kuoteshea maua, ndiyo maana kiganja cha baba katika shairi kimegandamana udongo. Baba huyo alifariki mwaka 1923, mwanawe akiwa na miaka 14. Anayeandika ni mtu mzima anayemlilia marehemu. Lakini kumlilia baba hakufuti chuma kilichokuwa sikioni. Katika ofisi yetu nimeona watoto wanaomkimbilia papa kwa furaha akiingia, na hao hao wanashtuka akinyanyua mkono kuchukua glasi. Mapenzi na hofu hulala kitanda kimoja katika moyo wa mtoto, na msomaji anayetaka kimoja kimfukuze mwenzake atalisoma vibaya shairi, na mtoto pia.

Tuje kwetu. Nimetunga mistari minne kwa ajili ya mafunzo yale; si ya mtoto yeyote:

Papa akirudi usiku mlango unaimba,
harufu ya lutuku inamtangulia.
Mama anahamisha sufuria,
mimi nahesabu hatua: moja, mbili, tatu.

Karibu kila mwalimu alisimama kwenye lutuku, pombe kali ya kienyeji. Ni kweli, pombe inaonekana haraka. Lakini wanaume wengi hunywa lutuku wakalala kimya. Mimi ninasimama kwenye sufuria. Mama anaihamishia wapi, na kwa nini sasa? Pengine anapasha bukari, yaani ugali. Pengine anaondoa maji ya moto karibu na mtu ambaye haijulikani atakuwaje usiku huu. Na mtoto anayehesabu hatua ameshajifunza kwamba idadi yake ina maana: hatua za papa aliyechangamka si sawa na za papa aliyekasirika. Hayo hayathibitishi kitu. Yanatosha kuuliza.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoharibu mambo mengi. "Papa anakupiga, si ndiyo?" ni swali lenye jibu tumboni, mtoto atakubali ili akuridhishe au atakataa ili amlinde papa, na maneno yake hayatakuwa safi tena. Usilisome shairi mbele ya darasa. Usimwite papa shuleni umwonyeshe daftari, kwa sababu jioni hiyo mtoto atarudi naye nyumba moja. Usiahidi siri ambayo huenda usiweze kuitunza. Kaa naye mahali ambapo wenzake wanawaona lakini hawawasikii, mwambie "nieleze huu mstari," kisha nyamaza. Akisema kitu, kiandike kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe.

Akisema wazi kwamba anaumizwa, au ukiona alama mwilini, hapo si fasihi tena. Siku hiyo hiyo direkta, yaani mkuu wa shule, ajulishwe, kisha huduma ya mambo ya jamii au polisi wa kulinda watoto. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto hata akiwa mikononi mwa wazazi wake, na inaadhibu anayemjeruhi kwa makusudi. Ninajua tutaambiwa "mchelea mwana kulia hulia yeye". Nimeisikia methali hiyo kwa wazazi wengi, wengine wakilia wanapoitamka, kwa sababu nao walipigwa.

Mwisho wa mafunzo dada wa nyuma alinionyesha daftari la mwanafunzi wake. Lilikuwa limejaa wino mwekundu: herufi kubwa hapa, nukta pale, alama saba juu ya kumi. Pembeni mwa mstari mmoja kuhusu kiti kilichovunjika hapakuwa na kitu. Aliniomba kalamu, akaandika hapo, kwa wino wa bluu: "Nimeusoma. Ukitaka, utanieleza habari za kiti."